Barua kwa Bibi Mwalimu: "Mwanangu Akiona Kitabu, Analia"

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 39, Muheza na baadaye Tanga mjini, hadi nilipostaafu mwaka 2022. Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu watoto wadogo na vitabu. Barua zimekuja nyingi kuliko ukurasa huu. Karibu zote zinauliza mtoto atajuaje kusoma. Zinazouliza atapendaje ni chache mno, na mimi naona hapo ndipo tunapopotea njia. Nimeanza na barua iliyoniuma zaidi, na hiyo nimeijibu kwa urefu. Wengine mtaniwia radhi nikiwapitia haraka.

"Be na a, anasema bea"

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kihonda, Morogoro. Wa kwanza ana miaka 7, yuko darasa la kwanza. Kila jioni nikitoka dukani namkalisha na kitabu saa nzima. Namwambia be na a, anasema "bea". Nikirudia ananyamaza, halafu machozi. Baba yake anasema ni uvivu, na juzi alimchapa. Sasa akiniona nimeshika begi lake la shule anakimbilia uani. Wenzake wanasoma sentensi. Nifanyeje apende kusoma?*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninamwona huyo mtoto hapo uani.

Tuanze na hiyo "bea". Mwanao hajakosea. Umemwambia "be", ukamwambia "a", akaunganisha alichosikia. Sisi wa zamani tulifundishwa majina ya herufi kwanza: a, be, che, de. Tangu mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulipoanza kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, shuleni tunaanza na sauti. Ile b inatamkwa kwa kufumba midomo na kuiachia, bila "e" nyuma yake, kisha mtoto anaingia kwenye silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kwa hiyo asubuhi mwalimu anamwambia hivi, jioni mama anamwambia vile, na kwa hicho cha jioni anachapwa. Acha majina ya herufi kabisa kwa sasa. Ukitaka kumsaidia, mtamkie silabi nzima: ba. Baba. Bata. Yatosha.

Lakini hata ukirekebisha hilo leo, mwanao bado atakimbilia uani, kwa sababu anachokikimbia ni ile saa nzima. Fikiria siku yake. Ameamka alfajiri, amekaa darasani na watoto labda 80, ameandika imla, ametembea kurudi. Jioni mama aliyemngoja kutwa anarudi, na kitu cha kwanza anachomletea ni mtihani. Kwake kitabu kimekuwa ndicho kinachomnyang'anya mama. Mtoto yeyote atakichukia kitu cha namna hiyo.

Haya nayajua kwa sababu niliyafanya. Binti yangu wa kwanza alipoanza shule mwaka 1991 nilikuwa tayari mwalimu, na niliona aibu mtoto wa mwalimu awe nyuma. Kila jioni ukurasa mmoja, rula mezani. Alijua kusoma kabla ya darasa zima. Na alipomaliza darasa la saba aliviweka vitabu chini kama mtu anayetua kuni kichwani, na kwa miaka mingi sikumwona akishika kimoja kwa hiari yake. Nilimpa kusoma nikamnyima kupenda. Nimemwomba radhi ukubwani, akanisamehe, lakini jioni zile hazirudi.

Sasa nikuambie la kufanya. Kwa majuma mawili usimsomeshe kabisa. Begi la shule likae msumarini. Kazi ya nyumbani akiwa nayo, aifanye mapema mchana, na usikae juu ya kichwa chake. Usiku akishaoga na kula, tandika mkeka, mkae pamoja na mdogo wake pia, halafu wewe ndiye usome. Si kile kitabu cha kiada cha shuleni, ambacho kwake kinanuka machozi. Tafuta kitabu cha ziada, cha hadithi, chenye picha kubwa na mistari miwili mitatu kila ukurasa. Maktaba ya mkoa iko hapo hapo Morogoro mjini, na si lazima ununue.

Soma kwa sauti. Fisi awe na sauti yake nzito ya ulafi, Sungura awe na yake nyembamba. Mtoto afunue kurasa yeye. Ukifika mahali pa hatari, simama, umwulize: "Unadhani atafanyaje huyu?" Usimwulize "Hii ni herufi gani?" Swali la kwanza linamwingiza ndani ya hadithi, la pili linamrudisha darasani. Akisema jambo la ajabu, kwamba Fisi atapanda pikipiki akimbie, mwambie "Eeh, labda," kisha mfunue mwone. Na hadithi zetu nyingi zina wimbo katikati. Wimbo huo mwimbe wote. Siku ya nne au ya tano yeye ndiye ataudaka kabla yako, na macho yake yatakuwa kwenye mistari. Hapo usimsifu kupita kiasi wala usimwambie baba yake "Njoo uone anasoma!" Endelea tu na ukurasa unaofuata.

Atataka hadithi ile ile. Mpe. Mjukuu wangu ninayeishi naye aliniomba hadithi moja ya tembo jioni 19 mfululizo, nilihesabu, na jioni ya ishirini akakichukua kitabu akaenda nacho chini ya mwembe peke yake. Sisi wazazi tunachoka kabla ya mtoto kushiba, tunamwambia "Hiyo umeshaijua, chukua nyingine." Angekuwa anakula wali tusingemwambia hivyo.

Dakika 15 zinatosha. Ukiona anasinzia au anachezea vidole, funga kitabu hata kama hamjafika mwisho. Afadhali alale akijiuliza mlango ule utafunguka au la.

Na mzee wa nyumba. Mwambie, kwa heshima na faraghani, kwamba kitabu na mkanda visikutane tena katika nyumba hiyo. Kisha mpe kazi yake, maana wanaume wengi wanachapa kwa kukosa la kufanya. Kama ananunua gazeti la michezo, akae na mwanawe Jumapili wafunue ukurasa wa ligi. Mtoto wa miaka 7 anayeishi Morogoro anazijua Simba na Yanga kabla ya kujua jina la mtaa wake. Amwonyeshe tu: hapa pameandikwa Simba. Si-mba. Nimefundisha wavulana ambao neno la kwanza walilolisoma maishani lilikuwa jina la timu, ukutani mwa kibanda cha kinyozi, na walilisoma kwa sababu walilitaka.

Baada ya majuma mawili usirudi kwenye ile saa. Endelea na mkeka. Zungumza na mwalimu wake, umwambie unachofanya. Na kama ikifika mwisho wa mwaka bado herufi zinamkataa kabisa, anachanganya kila kitu, au anasogeza kitabu mpaka puani, mpeleke akapimwe macho na masikio. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa mjinga miaka miwili. Alikuwa haoni ubao.

Kitabu juu chini

*Bibi, binti yangu wa miaka 4 anashika kitabu na "kusoma" kwa sauti kubwa, lakini anatunga. Mara nyingine amekigeuza juu chini. Nimkanye asizoee uongo? Mama, Arusha.*

Usimkanye hata kidogo. Huyo ameshaanza kusoma. Amejua kwamba ndani ya kitabu mna maneno, kwamba maneno hayo hayabadiliki mtu anapoyarudia, kwamba kinafunuliwa upande mmoja kwenda mwingine, na kwamba mtu akikishika watu wengine husikiliza. Nimepokea darasani watoto wa miaka 7 ambao hawakuwa na hata moja kati ya hayo, na nilitumia muhula mzima kuyajenga kabla ya kufika kwenye ba na be.

Kaa umsikilize, acha ulichoshika hata kama ni sufuria. Juu chini atakigeuza mwenyewe siku atakapoona tembo amesimama kwa kichwa.

Wanafunzi 104, vitabu 12

*Shikamoo Mwalimu mwenzangu. Ninafundisha darasa la pili kijijini, wilaya ya Sengerema. Nina wanafunzi 104 na vitabu vya hadithi 12, navyo viko kabatini ofisini visichakae. Watoto wengi nyumbani ni Kisukuma tu. Mapenzi ya kusoma yatatoka wapi hapa?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole na kazi. Mia na nne nawajua, nimewahi kuwa nao 117 baada ya mvua kuangusha chumba cha jirani.

Vitoe hivyo 12 kabatini. Kesho. Mzungumze na mwalimu mkuu kwa upole, umwambie kitabu kilichochakaa kwa mikono ya watoto kimefanya kazi yake, na kilichobaki kipya kimekufa bila kuishi. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo siitaji, maboksi ya vitabu vya hadithi yalifungiwa stoo ili mgeni akija ayaone. Siku yalipofunguliwa mchwa walikuwa wameshasoma vyote, zimebaki gamba na vumbi. Nililia, na silii ovyo. Vitabu vya Kiswahili vya watoto wetu havikuja hivi hivi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991, uliwasaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini ili pawe na kitu cha kusoma nje ya kitabu cha kiada. Watu wamehangaika hadi kitabu kimefika Sengerema. Kisiishie kwenye kufuli.

Funga kamba ukutani, nunua vibanio vya nguo, tundika vitabu vikiwa vimefunuliwa. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kuchagua kitabu kwa mgongo wake. Anachagua kwa picha. Wape zamu, watoto kumi na wawili wakati wa mapumziko, bila swali lolote baadaye. Bila swali, nasisitiza, maana ukishauliza "Umejifunza nini?" umeshakirudisha kabatini.

Vingine mtengeneze wenyewe. Viroba vitupu vya unga unavyochorea chati vinatosha kabisa. Kata, pindua upande mweupe, shona kwa uzi wa katani, chukua kalamu ya wino mzito. Hadithi waitoe watoto: siku ng'ombe alipoingia darasani, siku mtumbwi uliporudi na sangara mkubwa. Wewe andika sentensi moja kila ukurasa kwa herufi za ukubwa wa kiganja, wao wachore. Darasa la watoto 104 linaweza kusoma kitabu kimoja kikubwa kwa pamoja, na hakuna kitabu wanachokipenda kama kile chenye jina lao ndani.

Kisukuma kisikutishe. Mtoto anayesimuliwa hadithi kwa Kisukuma jioni ameshajua hadithi ni nini, ina mwanzo, ina hila, ina mwisho. Amepungukiwa maneno ya Kiswahili tu. Mwite bibi mmoja wa kijiji aje Ijumaa awasimulie kwa lugha yao, kisha Jumatatu uwasomee hadithi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Utaona nyuso zao wanapoitambua.

Simu na bei ya vitabu

*Bibi, mimi ni baba wa Likoni, Mombasa. Kitabu kimoja cha hadithi ni sawa na chakula cha siku mbili, na kodi imo ndani. Simu ninayo. Je, ni vibaya kumsomea mwanangu wa PP2, yaani mwaka wa pili wa shule ya awali, kwenye simu?*

Bei unaisema kweli. Tangu mwaka 2013 vitabu kwenu Kenya vinatozwa VAT ya asilimia 16, na mimi sikubaliani na nchi yoyote inayotoza kodi kitabu cha mtoto.

Simu si vibaya, ila ishike wewe. Kuna tovuti inaitwa African Storybook, ilianzia Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Ni bure, na zinaruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa. Mimi ningepakua mbili tatu mahali penye intaneti nzuri, nikazima data, nikamsomea akiwa mapajani. Data ikibaki wazi, ujumbe mmoja ukiingia umeshampoteza, na wewe umepotea pia. Zile anazozipenda sana zipeleke kwa mwenye mashine ya kuchapa, hata bila rangi, mzishone kwa uzi, azipake rangi yeye. Mtoto anahitaji kitu cha kuweka chini ya mto.

Na mkumbuke maktaba za umma. Nchi yenu ndiyo iliyopakia vitabu juu ya ngamia kule Garissa mwaka 1996 ili viwafikie watoto wa wafugaji. Kama kitabu kiliweza kufika kwa ngamia, basi baba wa Likoni avuke feri Jumamosi moja kwa mwezi na mwanawe.

Pole, wake, mate

*Shikamoo Bibi. Naandika kutoka Muscat. Mama yetu ni mzaliwa wa Unguja, na watoto wangu wa miaka 6 na 8 wanakisikia Kiswahili kwake. Skuli wanasoma Kiarabu na Kiingereza. Nikiwapa kitabu cha Kiswahili wanasoma kama Wazungu, wanachekana, kisha wanakiwacha. Nifanyeje?*

Marahaba. Nisalimie huyo mama, umwambie Tanga tunamkumbuka kila mtu aliyevuka bahari.

Wanao wana masikio ya Kiswahili tayari, na hilo ndilo gumu. Kilichowakwama ni irabu. Kwa Kiingereza a inabadilika kila mlango inapoingia. Kwa Kiswahili a ni a asubuhi na ni a usiku. Waandikie maneno haya matatu kwenye karatasi: pole, wake, mate. Waache wayasome Kiingereza kwanza. Halafu bibi yao ayasome Kiswahili. Watacheka, na safari hii wacheke, kwa sababu ndani ya kicheko hicho kanuni nzima imeshaingia. Waambie watafute mengine ya namna hiyo. Wangu niliowahi kuwafundisha likizo walijaza daftari.

Kisha kitabu ashike bibi, si wewe. Kama macho yake hayaoni vizuri, ndiyo bora zaidi: mwenye miaka 8 amsomee, bibi amrekebishe kwa sikio. Na kwa kuwa wanaisoma herufi ya Kiarabu, waambie pia kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya hizi, na mashairi ya Lamu na Pate yalihifadhiwa hivyo. Waandike majina yao kwa namna zote mbili, wayabandike mlangoni. Kiswahili kisiwe kwao lugha ya jikoni peke yake.

"Mimi mwenyewe sijui kusoma"

*Bibi Mwalimu, salaam. Barua hii naandikiwa na jirani. Ninaishi Pangani, nina miaka 63. Niliacha shule darasa la pili na yote yamenitoka. Ninalea mjukuu wa kike wa miaka 6, mama yake yuko Dar kazini. Mwalimu wake ametuambia wazazi tuwasomee watoto nyumbani. Nimeona haya kumwambia kwamba siwezi. Je, mtoto ataharibikiwa kwa ajili yangu?*

Dada yangu, maana tunakaribiana umri, hataharibikiwa. Nakuomba uvue hiyo haya, halafu unisikilize, kwa sababu barua yako imenirudisha kwetu.

Mama yangu alikuwa anauza machungwa njia panda ya Muheza na hakujua herufi hata moja. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada ya hapo kijijini kwetu pakaanzishwa darasa la ngumbaru chini ya mkuyu, jioni, wakishatoka shamba. Mama alikwenda na mdogo wangu mgongoni. Mimi nilikuwa darasa la nne mwaka 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walipokuwa wakikusanyika kwenye redio na vijitabu vyao kujifunza habari za vyoo na malaria. Mama alikuwa akirudi nyumbani na kijitabu, tunawasha koroboi, tunaweka vidole vyetu viwili kwenye mstari mmoja, changu na chake. Hakuna aliyekuwa mwalimu. Neno likitushinda tuliliruka, tukalirudia kesho.

Alikuwa na khanga aliyoinunua miaka miwili nyuma kwa ajili ya maua yake tu. Usiku mmoja anaikunja, akaona mwandiko chini ya mji. Akaketi. Akaiweka mapajani, akaanza kwa kidole: we-ma, ha-u-o-zi. Akarudia. Wema hauozi. Miaka miwili alikuwa ameivaa sokoni, msibani, kliniki, na haikuwahi kumwambia kitu. Alinyamaza kitambo, kisha akafungua sanduku akatoa khanga zake zote, nne, tukazisoma mpaka mafuta ya koroboi yakaisha. Mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu ya usiku ule.

Kwa hiyo nyumbani kwako maandishi yapo. Yapo kwenye khanga, kwenye pakiti ya chumvi, kwenye kiberiti, kwenye mashua na mabasi yanayopita. Mwulize mjukuu: "Hapa pameandikwaje?" Umwulize kwa sababu kweli unataka kujua. Sisi walimu tukiuliza, mtoto anajua tunalo jibu mfukoni. Wewe ukiuliza, anajua unamhitaji, na hilo linamfanya mtoto ajivunie kusoma kuliko zawadi yoyote niliyowahi kutoa darasani.

Kitabu cha picha unaweza kukisoma. Kaa naye, funueni, simulia unachokiona: huyu mama anakwenda wapi, mbona huyu mbuzi amenuna. Hakuna sheria inayosema lazima iwe ile iliyochapwa. Akianza kujua herufi atakuambia, "Bibi, hapa pameandikwa vingine," nawe umwambie, "Haya, nisomee."

Na usiku ukizima taa, unalo lile ambalo mama zao wengi wa mjini hawanalo tena. Paukwa! Akujibu, Pakawa! Hadithi za kwenu Pangani, za papa na kima, za majini ya mto. Vitendawili pia: nyumba yangu haina mlango, kuku wangu katagia mibani. Asipolijua yai akupe mji, asipolijua nanasi akupe mwingine. Mtoto aliyezoea kukaa gizani akisubiri hadithi iishie wapi atakuja kusubiri vivyo hivyo mbele ya ukurasa. Na maneno aliyoyasikia kwako atakutana nayo kitabuni kama jamaa zake. Mtoto asiyesimuliwa anaweza kutamka ukurasa mzima wa Kiswahili bila kosa, maana silabi zetu ni nyepesi kutamka, na asielewe hata mstari. Nimewaona wengi.

Nenda kwa mwalimu wake umwambie ukweli. Mwambie pia akuazime kitabu kimoja Ijumaa, ukirudishe Jumatatu. Na mwulize kama kuna darasa la watu wazima hapo kwenu, kwa sababu miaka 63 si mingi. Mama yangu alikuwa na ngumbaru wenzake waliokuwa na vitukuu.

Ombi langu kwako ni moja. Barua ijayo usiandikiwe na jirani. Mpe mjukuu kalamu, hata kama itakuwa ni salamu tu na jina lake. Mimi nitaijibu kwa herufi kubwa, mstari mmoja kila karatasi, nikuwekee na bahasha ya pili yenye jina lako wewe.